Kibanja Chetu: Historia ya Migomba na Walioitunza

Ndugu wanajumuiya, kila mwaka tukikutana kuadhimisha tarehe 9 Desemba, sufuria ya kwanza kuisha ni ya ndizi. Pilau hubaki, kuku hubaki, lakini ndizi na maharage hufutwa mpaka chini. Mwaka jana mtoto mmoja aliyezaliwa hapa Uingereza alisimama mbele ya meza akauliza kwa nini tunapika ndizi ambazo hazijaiva. Watu wazima tulicheka sana. Baadaye, tukiwa jikoni tunaosha vyombo, tukagundua kwamba hakuna aliyemjibu.

Makala hii ni jibu lake. Ni refu kidogo, kwa sababu historia ya ndizi hizo ni historia yetu sisi tuliotoka Kagera, na ina mambo ambayo wazazi tumekuwa tukiyaacha kando tunapowasimulia watoto habari za nyumbani.

Kwanza, ndizi za kupika si ndizi ambazo zimekosa kuiva. Ni aina nyingine. Kwa Kihaya tunaziita ebitoke, na zile tunazonunua huku madukani kwa jina la matoke, nyingi zikitoka Uganda, ni ndugu zake wa damu. Katika shamba moja la nyumbani utakuta Enshakala, Enchoncho na Entobe, hizo zote za kupika. Utakuta Embire, za kukamulia olubisi, ambayo ni pombe yetu ya ndizi. Utakuta Enkonjwa, ndefu, za kuchoma au kuchemsha zikishaiva, na pembeni Kisubi, ndogo na tamu. Bibi zetu walizitambua kwa kutazama shina na namna jani linavyoinama, kabla hata mkungu haujatoka. Sisi wenyewe tulio huku tukipewa mtihani huo leo wengi wetu tutafeli.

Mgomba haukuanzia kwetu. Asili yake ni Asia ya Kusini-Mashariki na visiwa vya upande wa New Guinea, nao ulifika Afrika zamani sana. Lakini kundi hili la ndizi za kupika za nyanda za juu limejijenga kuzunguka Maziwa Makuu: Uganda, Rwanda, Burundi, mashariki ya Kongo na Kagera. Wenzetu wa nchi hizo mnaosoma makala hii mtakuwa mnatikisa vichwa. Na kuna jambo moja ambalo watoto wapende kulijua: ndizi hizi hazina mbegu. Mgomba mpya hutokana na chipukizi lililokatwa kutoka kwenye tunguu la mgomba mwingine. Kwa hiyo kila Enshakala iliyopo Bukoba leo ilitoka mkononi mwa mtu fulani, aliyepewa na mtu mwingine, aliyepewa na mwingine, bila mnyororo huo kukatika hata siku moja. Bibi harusi alikwenda na machipukizi kwake, na jirani aliyepatwa na janga aliletewa machipukizi.

Shamba hilo linaitwa kibanja. Si shamba la kwenda na kurudi, ni mahali unapoishi. Nyumba iko katikati, migomba imeizunguka pande zote, chini ya migomba kuna kahawa, chini ya kahawa kuna maharage, na huku na kule mihogo, viazi, mchaichai na mti wa maembe. Nje ya vibanja kuna rweya, yaani nyasi tupu. Mgeni akitua Bukoba huona kijani kile akadhani ardhi yetu ina rutuba kama ya Kilimanjaro. La hasha. Mvua tunayo, karibu na ziwa hufika kama milimita 2,000 kwa mwaka, lakini udongo wa asili ni maskini, na ushahidi ni hiyo rweya. Udongo mweusi wa kibanja umetengenezwa na watu. Vizazi kwa vizazi walikata nyasi za rweya wakazitandaza chini ya migomba, walichunga ng'ombe kwenye rweya wakaleta samadi kwenye migomba, wakamwaga majivu, maganda na kila kilichotoka jikoni. Mashamba mengi duniani huchoka, lakini kibanja kilichotunzwa huzaa kwa vizazi. Kikiachwa, miaka michache tu inatosha kukiharibu.

Kazi yenyewe tuieleze, maana hata watoto wetu wanaojua kupika ndizi hawajui zinatoka wapi. Unachimba shimo kubwa, unarudishia udongo wa juu uliochanganywa na samadi, unaweka chipukizi lenye jani jembamba kama upanga, kwa sababu hilo ndilo lenye nguvu. Unasubiri mwaka mmoja hadi mwaka na nusu. Kinachoonekana kama shina si mti, ni makanda ya majani yaliyokumbatiana, na kila mgomba huzaa mkungu mmoja tu, kisha hukatwa. Kwa hiyo katika kila shina unaacha mimea mitatu: mama mwenye mkungu, mtoto anayekuja, na mjukuu mdogo aliyeanza kuchomoza. Machipukizi mengine yote unayaondoa. Ukiyaonea huruma utapata msitu wa majani na mikungu ya kuaibisha. Unakata majani makavu, unaegemeza mkungu mzito kwa nguzo yenye panda, unapalilia kwa mkono au kwa jembe la juujuu, kwa kuwa mizizi ya mgomba iko karibu na uso wa ardhi na jembe likizama unaikata.

Nani alifanya kazi hizo? Kupunguza migomba na kuamua ipi ikatwe ilikuwa kazi ya mwanaume mwenye kibanja. Kukamua olubisi pia: wanaume walikanyaga ndizi zilizoiva pamoja na nyasi ndani ya mtumbwi wa mti, kisha maji yale yakachanganywa na mtama na kuachwa yachachuke. Kupalilia, kutandaza nyasi, kupanda maharage, kubeba samadi kichwani, kuchagua mkungu wa kupika jioni, hizo zilikuwa kazi za mama zetu na zetu sisi mabinti. Tulitoka shule tukavua sare tukaingia kwenye migomba. Tukumbuke mgawanyo huo, maana tutaurudia.

Ardhi hiyo haikuwa ya kila mtu sawasawa. Kabla ya wakoloni, na hata wakati wao, Omukama aliweza kumpa mtu wake wa karibu eneo lenye vibanja vya watu ndani yake, nao waliokuwa wakiishi humo wakageuka wapangaji wa kumlipa huyo bwana mpya. Huo ndio utaratibu wa nyarubanja. Wajerumani walipofungua boma Bukoba mwaka 1890, na Waingereza walipowarithi baada ya 1916, walitawala kupitia Bakama hao hao. Kahawa, ambayo kwetu ilikuwa ya kutafunwa na ya kumkaribishia mgeni, ikawa zao la fedha, ikapandwa katikati ya migomba. Mwaka 1950 chama kikuu cha ushirika cha wakulima wa kahawa Bukoba kiliundwa, na kahawa hiyo ikajenga nyumba za bati na kulipa karo. Karo za nani zaidi, wavulana au wasichana, mnajua wenyewe. Mwaka 1945 Hans Cory na mwenzake Hartnoll walichapisha kitabu cha sheria za mila za Wahaya. Ni kitabu chenye manufaa, tumekisoma, lakini kote mle tunasikia sauti za wazee wa ukoo. Sauti ya bibi aliyeinama kwenye maharage hatuisikii.

Ndipo tukapata Uhuru, tarehe 9 Desemba 1961, katika msimu wa senene. Wazee wetu wanakumbuka vyote viwili kwa pamoja. Serikali mpya haikuchelewa: mwaka 1963 utawala wa machifu ulifutwa, na kwa sheria za 1965 na 1968 wapangaji wa nyarubanja wakapewa vibanja walivyokuwa wakivilima. Hilo lilikuwa jambo kubwa, na linastahili kutajwa katika sherehe kama hii kuliko linavyotajwa. Maelfu ya watu walilala wapangaji wakaamka wenye mali.

Lakini mwaka huo huo wa 1963 serikali iliandika pia sheria za mila katika tangazo rasmi. Humo binti aliwekwa daraja la mwisho katika urithi, tena kwa ardhi ya ukoo aliruhusiwa kuitumia tu maisha yake yote, asiiuze. Mjane hakuwa na fungu kama mume ameacha ndugu wa ukoo. Fungu lake, ilisemwa, ni kutunzwa na watoto wake. Kwa hiyo mpangaji alipata uhuru wa kibanja, na mkewe aliyekipalilia hakuupata.

Vita vya Idi Amin vya mwaka 1978 hatutavisimulia kwa urefu. Wengine mmeviandika vizuri katika matoleo yaliyopita ya gazeti hili. Tuseme tu kwamba ndugu wa ng'ambo ya mto Kagera waliporudi makwao walikuta ng'ombe wameswagwa, na bila ng'ombe hakuna samadi, na bila samadi migomba hunywea. Mkoa wetu, uliokuwa ukiitwa Ziwa Magharibi, ukapewa jina la mto huo.

Tunataka kukaa zaidi kwenye kilichofuata. Mwaka 1983 wagonjwa watatu wa kwanza wa UKIMWI nchini waligunduliwa katika hospitali ya Ndolage, wilaya ya Muleba. Kabla ya kuwa na jina hilo watu waliuita Juliana, kwa jina la nguo zilizokuwa zikiletwa na wafanyabiashara wa magendo kutoka Uganda. Utafiti wa mwaka 1987 ulikuta kwamba Bukoba mjini karibu mtu mzima mmoja kati ya kila wanne alikuwa na virusi. Tulipoisoma takwimu hiyo huku ugenini, tukiwa kwenye masomo ya shahada ya uuguzi, tulifunga kitabu tukatoka nje. Darasani ilikuwa namba. Kwetu ilikuwa orodha ya majirani.

Wahaya huzika kibanjani. Makaburi yalianza kuongezeka chini ya migomba, mapya, ya watu wa miaka thelathini. Kila msiba ulisimamisha jembe kwa siku kadhaa katika nyumba za jirani zote, na misiba ilifuatana. Waliobaki walikuwa bibi na wajukuu. Nyasi za rweya hazikuletwa tena, kwa kuwa hakukuwa na wa kuzibeba. Ng'ombe waliuzwa kununua dawa ambazo hazikutibu. Wakati huo huo fukusi na minyoo walikuwa wakila matunguu, na upepo kidogo tu ukilala mgomba unalala nao. Mtu akituuliza kwa nini sisi wa umri huu tumesomea uuguzi kwa wingi hivi, jibu liko hapo. Tulianza kuuguza kabla hatujajua kuwa ni taaluma. Dawa za kupunguza makali ya virusi zilianza kutolewa bure nchini mwaka 2004, na sisi tulishazika.

Baba yetu alifariki mwaka 1992. Tulikuwa watoto wanne, wasichana watatu na kaka yetu mdogo wa miaka mitano. Baada ya matanga wanaume wa ukoo walikaa sebuleni, na sisi na mama tukakaa jikoni tukiwasikia kupitia ukuta. Baba mkubwa alitoka kutueleza uamuzi. Kibanja ni cha mtoto wa kiume, na kwa kuwa bado mdogo, ukoo utakishika kwa niaba yake. Mama anaweza kubaki kulea. Hakusema kwa ukali, alisema kama mtu anayetangaza saa ya kula. Mama alijibu, “Ndiyo, waitu.” Kesho yake alfajiri alikuwa kwenye migomba anapalilia, nasi nyuma yake.

Hatukujua, na hakuna aliyekuja kutuambia, kwamba miaka miwili nyuma, katika wilaya yetu hiyo hiyo, jambo kubwa lilikuwa limetokea. Mwezi Agosti 1988 mama mmoja wa Kihaya, Holaria Pastory, aliuza shamba alilorithishwa na baba yake kwa wosia. Alikuwa amezeeka na hakuwa na wa kumtunza. Aliliuza kwa shilingi 300,000 kwa mtu asiye wa ukoo wake. Siku iliyofuata ndugu wa ukoo alifungua kesi katika mahakama ya mwanzo ya Kashasha, akisema mila haimruhusu mwanamke kuuza ardhi ya ukoo. Kashasha ni pale pale ambapo Januari 1962, wiki chache baada ya Uhuru, wasichana wa shule walishikwa na kicheko kisichokoma. Mkufunzi wetu aliitaja habari hiyo darasani kama kioja cha kitabu cha saikolojia, nasi tukanyamaza, hatukusema kwamba ni nyumbani.

Mahakama ya mwanzo ilimpa ushindi yule ndugu. Mahakama ya wilaya ya Muleba ikatengua. Rufaa ikaenda Mahakama Kuu, Mwanza, na Februari 1990 Jaji James Mwalusanya akatoa hukumu. Katiba yetu iliingiziwa haki za binadamu mwaka 1984, alisema, na nchi imetia saini mikataba ya kupinga ubaguzi wa wanawake. Kwa hiyo mila hiyo haiwezi kusimama, na mwanamke ana haki sawa na mwanaume ya kurithi na kuuza ardhi ya ukoo. Ukoo ukiitaka ardhi ile, ulipe zile 300,000 ndani ya miezi sita. Hukumu hiyo hufundishwa leo katika vyuo vya sheria vya nchi nyingi. Sisi tuliisikia kwa mara ya kwanza tukiwa na umri wa zaidi ya miaka thelathini, hapa Uingereza, kutoka kwa mwanasheria tuliyekaa naye meza moja kwenye harusi. Mama alikuwa tayari ametangulia mbele ya haki.

Baadaye ikaja Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, inayobatilisha mila yoyote inayomnyima mwanamke haki ya kumiliki. Kwenye karatasi mambo ni mazuri. Kwenye vikao vya ukoo bado ni baba mkubwa na watoto wake.

Wawili kati yetu tuko huku, kaka pia. Aliyebaki nyumbani ni dada yetu wa tatu. Mnyauko wa migomba, ambao wakulima huuita unyanjano, uliingia Kagera mwaka 2006, na ulipofika kwetu ni yeye aliyepambana nao. Jani linageuka njano, linanywea kama limemwagiwa maji ya moto. Ndizi zinaiva kabla ya wakati na ndani zimeoza, na ukikata shina linatoa utomvu wa manjano. Ni bakteria, hauna dawa. Unaenea kwa panga, kwa machipukizi, na kwa wadudu wanaotua kwenye ua dume. Alitusimulia kwa simu, na kwa mara ya kwanza katika maisha yetu tukawa na cha kumfundisha kuhusu migomba, kwa sababu ni kazi yetu ya kila siku wodini: usihame kutoka kwa mgonjwa mmoja kwenda kwa mwingine na mikono ileile. Panga lipitishwe motoni au lioshwe kwa jiki kila baada ya mgomba mmoja. Ua dume livunjwe kwa fimbo yenye panda, si kwa kisu. Mgomba mgonjwa ung'olewe. Ilibidi ang'oe karibu nusu ya kibanja, pamoja na Enchoncho aliyopanda mama. Akakaa misimu miwili akipanda mahindi na maharage, kisha akaanza upya, machipukizi safi, shimo kwa shimo.

Sasa kibanja kimesimama tena, na kwa kuwa kimesimama, kina wenyewe wengi. Watoto wa baba mkubwa wanasema ni cha kaka, na kaka yuko Ulaya, basi wakishike wao. Hoja yao si ya kijinga kabisa, tuwe wakweli. Makaburi ya babu na baba yamo humo, na wanasema dada akimiliki, watoto wake ni wa ukoo mwingine, siku moja makaburi yatakuwa kwenye shamba la wageni. Tumelijadili sana. Kaka mwenyewe ndiye aliyemaliza mjadala kwa kuuliza ni nani katika miaka kumi na mitano iliyopita amefyeka majani juu ya makaburi hayo.

Mwezi Agosti aliandika barua ya kuridhia kibanja kiandikishwe kwa jina la dada yetu, tukasaini wote watatu, ikagongwa muhuri wa wakili, ikatumwa na msafiri. Imeshafika. Ofisi ya kijiji imesema hati ya hakimiliki ya kimila itaandaliwa baada ya ukoo kukaa, na kikao ni siku tatu baada ya Krismasi. Safari hii dada atakaa sebuleni, amesema, na kiti atabeba mwenyewe. Wiki iliyopita alitutumia ujumbe wa sauti: senene wameanza kuanguka, na amekata mikungu sita ya Enshakala kwa ajili ya wageni wa kikao hicho, maana wakitoka hapo, vyovyote itakavyokuwa, watakula.